Atakayetajwa Baadaye

Asubuhi ile theluji ilikuwa imefika magotini, na Lorraine Hudak alitoka na koleo kusafisha nafasi ya gari mbele ya nyumba yake, Mtaa wa Tisa. Katika mji wa Corliss, mtu akishasafisha nafasi yake huweka kiti cha jikoni katikati, na nafasi hiyo inakuwa yake mpaka theluji iyeyuke. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ila anayehamisha kiti cha mwenzake hukuta magurudumu ya gari lake hayana upepo, na polisi humwambia amejitakia mwenyewe. Lorraine alikuwa ameacha kiti chake pale tangu jana yake. Sasa kulikuwa na mtu amekikalia.

Alikuwa mwanamume mrefu, amevaa jezi ya Wahunzi, timu ya mji, isiyo na jina wala namba mgongoni. Uso alikuwa nao, lakini ulikuwa haujaamua. Macho, pua na mdomo vilikuwa mahali pake, ila ukigeuka kidogo ukamwangalia tena, hukumbuki vilikuwaje.

"Wewe ndiye uliyekuja badala ya Arismendi?" Lorraine alimwuliza.

"Nadhani ndiye," alisema mgeni.

"Ingia ndani basi. Viatu uvikung'ute, nimepiga deki."

Jioni iliyotangulia klabu ya besiboli ya Wahunzi ilikuwa imetangaza kwamba imemtoa Yovanny Arismendi kwa timu moja ya California, kwa kubadilishana na mchezaji atakayetajwa baadaye. Ni jambo la kawaida katika mchezo ule. Timu moja inatoa mtu leo, nyingine inaahidi mtu, na jina lake litasemwa watakapoamua. Arismendi alikuwa amelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu tangu alipokuja kutoka Dominikana, kijana mwembamba asiyejua hata kuvaa glavu za baridi, na mji mzima ulikuwa umemlea kwa macho. Mwenye timu, ambaye anaishi Florida, alitoa taarifa kwamba uamuzi ule ulikuwa mgumu. Hakusema ulikuwa mgumu kwa nani.

Corliss ilipokea habari ile kama ilivyopokea kufungwa kwa kiwanda cha chuma, na baadaye wodi ya wazazi. Watu walitukana kidogo, wakala chakula cha jioni. Wengine walikwenda kutundika jezi zao za Arismendi kwenye uzio wa uwanja, na kufikia asubuhi zilikuwa zimeganda, mikono imenyooka. Emil, mumewe Lorraine, alipiga simu redioni kama alivyopiga kila mwaka klabu ilipofanya upuuzi, akajitambulisha kama Emil wa Mtaa wa Tisa, akasema hatakanyaga uwanjani tena. Mtangazaji alimjibu, "Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, mzee." Emil alisema ndiyo, ila safari hii anamaanisha. Kisha alichukua utepe wa gundi akaubandika juu ya jina kwenye jezi yake, kwa sababu jezi yenyewe ilikuwa bado nzima.

Kwa hiyo mgeni alipoingia jikoni, Emil alimwangalia, akasogeza gazeti ili mgeni apate pa kuweka viwiko. Baada ya muda akaja Cleotha Banks, jirani wa upande wa pili, dereva mstaafu wa basi, kunywa kahawa kama kila siku.

"Ndiye huyu?" Cleotha aliuliza.

"Ndiye."

"Anacheza nafasi gani?"

"Hawajasema," mgeni alijibu. Sauti yake ilikuwa kama ya mtangazaji wa uwanja wa ndege, safi na isiyo ya mtu yeyote.

"Unarushia mkono gani?"

Mgeni aliiangalia mikono yake yote miwili. "Hawajasema."

"Haya. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia," Cleotha alisema, "na gunia lenyewe limekuja kutumalizia kahawa." Kisha akampiga begani. "Usinune, kaka. Kosa si lako. Mimi nimeendesha basi la mji huu maisha yangu yote, na klabu haijawahi kunitaja hata mimi."

Hoteli haikuweza kumpokea mtu asiye na jina, kwa hiyo alikaa kwa Hudak, chumba cha juu. Alikula alichopewa, alisafisha theluji ya mtaa mzima bila kuombwa, na jioni Cleotha alimchukua kwenda naye kwenye baa ya Waslovakia. Huko kila mlevi alijaribu kumpa jina la mchezaji aliyempenda utotoni. Jina lilikaa mpaka glasi ya pili ya bia, kisha likateleza, na uso ukarudi ulivyokuwa. Watu hawakushangaa. Kumtaja ilikuwa haki ya klabu, kama vile kupandisha bei ya maegesho.

Halafu jioni moja ya Januari Lorraine alikuwa anakaanga vitunguu vya kuwekea pierogi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, mgeni akaingia kutoka nje na koleo, akauacha mlango wazi.

"Denny, mlango!" Lorraine alisema bila kugeuka.

Mlango ukafungwa. Lorraine alipogeuka, sikio la kushoto la mgeni lilikuwa limeamua. Lilikuwa na kovu dogo chini, pale Dennis alipoumwa na mbwa wa kina Banks alipokuwa darasa la pili. Lorraine aliliangalia lile sikio, akarudi kwenye vitunguu kwa sababu vilikuwa vinaanza kuungua.

Dennis, ambaye nyumbani walimwita Denny, alikuwa mtoto wao pekee. Aliumia mgongo kwenye ghala alikokuwa anapakia mizigo, daktari akampa vidonge, na mgongo ulipopona vidonge havikumwachia. Jioni moja ya Septemba, miaka kadhaa nyuma, alirudi kutoka kazini, akaegesha pikapu mbele ya nyumba, hakushuka. Redio ya gari ilikuwa inatangaza mechi ya Wahunzi. Timu zilikuwa sare na mechi ilikuwa imeingia raundi za nyongeza. Kwa watu wa Corliss, mtu aliyekaa ndani ya gari mbele ya nyumba yake wakati mechi haijaisha hasumbuliwi. Ukimwita utamkatisha, na timu ikifungwa kosa litakuwa lako. Lorraine alimwona kupitia dirishani, kichwa kimeinama upande wa redio, akamfunikia sahani yake. Mechi ilikwenda mbali. Mwishowe Arismendi aligonga mpira uliomaliza mchezo, watu wakapiga kelele majumbani mwao mtaa mzima, na Dennis hakushuka; walipomfungulia mlango alikuwa ameshapoa.

Pikapu iliuzwa. Ile nafasi ilimokuwa imeegeshwa, Lorraine aliendelea kuisafisha kila theluji ilipoanguka na kuiwekea kiti, na hakuna jirani aliyewahi kuuliza ni ya gari gani.

Alikuwa na swali moja kwa Dennis. Alitaka kujua kama, pale alipomwona kupitia dirishani, mwanawe alikuwa bado anasikiliza.

Lorraine alianza kumwita mgeni. Denny, lete chumvi. Denny, umelala vizuri? Denny, koti hili lilikuwa kabatini, livae, nje baridi. Kila alipomwita, kitu kidogo kiliamua. Februari ilileta pua na vidole, kisha ule mwendo wa kuburuta kisigino ambao ulikuwa ukimgharimu Emil viatu vipya kila muhula. Lorraine hakufurahi, au kama alifurahi hakuona dalili yake. Alikuwa anasubiri mdomo na sauti tu. Kumwuliza swali lile mtu mwenye sauti ya uwanja wa ndege aliona hakuna maana.

"Unafanya nini, Lorraine?" Emil alimwuliza siku moja mgeni alipokuwa nje.

"Namwita."

"Huyo si wetu. Ni wa klabu."

"Hawajamtaja."

"Watamtaja. Lini uliona wale wakaacha chochote mikononi mwa mtu?"

"Basi niache nimwite mpaka hapo."

Emil alikunja gazeti, akalikunjua. Kesho yake walikuwa wanahamisha kochi, naye akajikuta anasema, "Denny, inua upande wako," na mgeni akainua huku akiguna kwa namna ambayo mtu mmoja tu aliwahi kuguna. Emil aliweka kochi chini, akaenda gereji, akakaa huko mpaka mchana. Alitaka kulia, na kama miaka yote ile, machozi hayakutoka.

Cleotha naye aliona. Alikunywa kahawa yake yote kabla ya kusema.

"Anafanana na Denny."

"Anaanza," Lorraine alisema.

"Mdomo bado."

"Bado."

"Mungu akupe subira, dada," Cleotha alisema, na tangu siku hiyo kila alipokuja alibisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mwisho wa Machi, siku chache kabla ya msimu kufunguliwa, Lorraine aliweka chakula mezani na redio ilikuwa inaongea peke yake kando ya mkate. Emil alikuwa bado hajarudi kutoka kwa kinyozi. Tangu asubuhi midomo ya mgeni ilikuwa inajikusanya. Alikaa mbele ya sahani yake, akaanza kuchambua vitunguu na kuviweka pembeni kimoja kimoja, kama Dennis alivyofanya tangu akiwa mdogo na kukemewa kwa ajili hiyo.

"Mama," alisema, "umeweka vingi tena."

Ilikuwa sauti ya Dennis, na ile mikwaruzo yake ya sigara. Lorraine alivuta kiti akakaa. Mikono yake ilikuwa na unga, akaifuta kwenye aproni, ikabaki na unga.

"Denny," alianza, "siku ile kwenye pikapu—"

Redio ilisema kwamba klabu ya Wahunzi imekamilisha makubaliano ya majira ya baridi kwa kumtaja mchezaji wake, naye ni Tanner Beckwith wa Oklahoma, mlinzi wa uwanja wa nje upande wa kushoto, anayerusha kwa mkono wa kulia.

Uso ukaamua. Haikuchukua muda mrefu kuliko kufuta meza. Nywele zilikuwa nyekundu, mashavu yana madoa madoa, na kovu la sikioni halikuwepo. Kijana aliyekuwa mezani alimwangalia Lorraine kwa adabu, kisha akaiangalia sahani, akachota vitunguu vyote vilivyokuwa pembeni akala.

"Chakula kitamu sana, mama," alisema. "Samahani, uwanja uko upande gani? Nadhani nimechelewa mazoezi."

"Mume wangu atakupeleka," Lorraine alisema. "Maliza kwanza."

Alimaliza. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti. "Hili ni la mtu," alisema. Lorraine alimwambia alichukue, nje bado kuna baridi. Beckwith alisema asante, klabu itampa la kwao.

Emil alimpeleka. Aliporudi Lorraine alikuwa ameshaosha vyombo.

"Amesema nini njiani?"

"Ameuliza kama kuna samaki ziwani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia wapo."

Siku ya ufunguzi tiketi zilikuwa zimepanda bei, na mji mzima ulikwenda. Emil alikwenda na jezi yake yenye utepe. Beckwith aliangusha mpira rahisi kwenye raundi ya kwanza, na mashabiki wakamzomea kwa moyo mmoja, wakisema Arismendi angeudaka, ingawa Arismendi hakuwahi kucheza upande ule. Beckwith alipokuja karibu na uzio, Lorraine aliita, "Denny!" mara moja. Beckwith aligusa kofia yake, kama wachezaji wanavyofanya kwa kila mama mzee anayepiga kelele. Lorraine alikaa chini, akala karanga zake. Alisikiliza kifuani mwake kama kuna kinachouma, akasikia kelele za uwanja tu.

Kiangazi kikapita. Beckwith aliacha kuangusha mipira. Aligonga mipira mingi mirefu, akafungua shule ya watoto ya Jumamosi, akajifunza kula pierogi na krimu, na kufikia Oktoba kila nyumba ya tatu ilikuwa na jezi yenye jina lake. Mpaka Cleotha aliinunua, akasema ni ya mjukuu, akaivaa mwenyewe.

Novemba, jioni, klabu ilitangaza kwamba imemtoa Tanner Beckwith kwa timu moja ya Texas, kwa kubadilishana na mchezaji atakayetajwa baadaye. Mwenye timu alisema kutoka Florida kwamba uamuzi ulikuwa mgumu. Watu walianza kwenda kwenye uzio wa uwanja na jezi zao mkononi. Emil alitukana, akainuka kwenda kwenye simu, akapiga namba aliyoijua kwa kichwa. Lorraine aliichukua simu mkononi mwake kabla hajasema neno. Hakuwahi kufanya hivyo katika miaka yote ya ndoa yao, na Emil alimpisha.

"Uko hewani, mama," mtangazaji alisema. "Tuambie, umekasirika kiasi gani?"

"Sijakasirika. Wamefanya vizuri."

Mtangazaji alicheka. "Wewe ni wa kwanza leo. Kwani unamjua huyo anayekuja?"

"Hapana. Hajatajwa."

"Sasa umependa nini hapo?"

"Hicho hicho," Lorraine alisema. "Waambie klabu wasiwe na haraka ya kumtaja."