Maiti wa Sehemu ya Kumi na Tisa

Jumatatu, nikiwa nimepiga magoti nampunguzia Sit Kai-hoi upindo wa joho, aliniambia ana nyumba Vancouver, ina vyumba vitatu, na shule ya sekondari iko karibu, mtoto anakwenda kwa miguu.

"Yuen-ching angesoma pale," alisema. "Halafu chuo. Na wewe ungepumzika kidogo."

Nilikuwa na pini nne mdomoni. Nikasema, "Mm."

"Ndege yangu ni Ijumaa. Nijibu kabla ya hapo, Han."

Mimi ni fundi wa mavazi katika kituo cha televisheni hapa Hong Kong. Nina diploma ya ukataji nguo, binti, Yuen-ching, wa kidato cha nne, na mume, Bing, aliyekufa kwa ugonjwa wa ini miaka minne iliyopita. Kabla ya sindano, nilikuwa naruka kutoka mapaani badala ya waigizaji wakubwa, na Kai-hoi ndiye aliyekuwa mshika upanga mzuri kuliko wote kwenye kioo. Mwaka 1974 tulichumbiana. Mama yangu akagawa keki za uchumba kwa ndugu na majirani wote, kama inavyotakiwa. Wiki iliyofuata Kai-hoi akapanda ndege kwenda Kanada. Aliacha barua: mjomba wake anahitaji msaidizi mgahawani. Keki zilikuwa zimeshaliwa. Mama alipita ngazi za nyuma mwaka mzima asikutane na waliozila.

Sasa ilikuwa 1995, na kituo kilimrudisha kwa tamthilia moja ya mapanga, kwa sababu wasichana waliompenda zamani ndio akina mama wanaoshika rimoti leo. Yeye na mkewe wa huko walikuwa wameachana.

Nililipima lile ombi kama ninavyopima kitambaa. Baada ya miaka miwili Waingereza wangeirudisha Hong Kong kwa China, bendera ibadilishwe, na nusu ya majirani wa ghorofa yetu walikuwa wameshahama. Mtoto ana akili, Kiingereza chake si kibaya. Moyoni nilipekua, sikukuta kitu, si hasira wala hamu. Nikaona ni nafuu, maana mtu asiyesikia chochote hukata kwa mkono usiotetemeka. Hadi Jumatano nilikuwa karibu kumwambia ndiyo.

Alhamisi asubuhi, mwigizaji aliyeigiza mpenzi wa zamani wa shujaa, yaani wa Kai-hoi, aligoma kufa. Jumamosi mama yake alikuwa anafanyiwa karamu ya miaka sitini, na yeye, kwa kuogopa mkosi, hakutaka kulala maiti katika wiki hiyo. Maneno yake ya mwisho alikuwa ameshayasema Jumanne. Kilichobaki ni mwili tu. Mwongozaji, Bosi Tam, akaja chumba cha mavazi.

"Dada Han, wewe si unajua kuanguka?"

"Niliacha zamani."

"Huanguki. Unalala tu, nywele usoni."

"Kwani mafundi wengine hawajui kulala?"

"Wanajua. Ila nani atawabeba?"

Mafundi wawili wakamrushia vidonge vya uzi. Nikavaa gauni jeupe nililolishona mwenyewe, A-Pui wa vipodozi akanipaka damu kifuani, na saa nne nilikuwa chali juu ya mbao za ua wa hekalu la kuigiza. Ilikuwa Agosti. Jasho lilinitambaa nyuma ya masikio.

"Dada Han," akapiga kelele Ngau, fundi taa, "ukikoroma tunarudia!"

"Wewe ukipumua ndiyo tutarudia. Umekula vitunguu saumu."

Kai-hoi akaja, akapitisha mkono chini ya shingo yangu. Alinuka dawa ya kuchua misuli. Maneno yake yalikuwa mawili matatu: nimechelewa, nisubiri upande wa pili. Halafu alie, basi. Nikafumba macho. Bosi Tam akasema twende.

Akayasema. Akalia kidogo. Nikangoja tukatishwe.

"Sikuondoka kwa ajili ya mjomba," Kai-hoi akasema.

Katika tamthilia ile hakuna mjomba.

"Siku ile uliruka kutoka paa la nyumba ya chai, bega likateguka. Ukasimama, ukauliza kama kamera imepata. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini napakwa poda. Niliogopa. Nilijiuliza mwanamke kama huyu atanifanyia nini akishanijua. Mama yako anagawa keki, mimi nafunga sanduku. Ile barua ilikuwa uongo. Miaka ishirini na moja sijapata siku ambayo sikukupenda."

Bosi Tam hakukatisha. Nilisikia magurudumu ya kamera yanasogea, yananikaribia upande wa uso. Nikabana pumzi. Chozi moja lingeharibu picha nzima, na filamu haiokotwi barabarani. Nililingoja lile chozi kama mtu anavyongoja chafya, ili nilizuie. Halikuja. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi hadi kwenye paja, na kusema kweli sikujua ile ganzi inaishia wapi.

"Kata!"

Watu wakapiga makofi. Ngau alikuwa anapenga kamasi.

"Kaka Hoi, hayo umeyatoa wapi? Mwandishi wetu hana ubongo huo."

"Umri unafundisha," Kai-hoi akasema, akijifuta uso kwa ncha ya joho nililomshonea.

Nikawekewa bahasha nyekundu ya pesa mkononi kabla hata sijainuka. Aliyeigiza maiti lazima apewe, na lazima aitumie yote kabla hajafika nyumbani, mkosi usimfuate. Nikamtuma A-Pui akanunulie kila mtu maziwa ya soya ya baridi. Kisha nikakaa, nikaanza kuusugua mguu. Kai-hoi alikuwa bado amechuchumaa pembeni yangu.

"Sema tena," nikamwambia.

"Nini?"

"Hayo uliyosema. Sasa niko hai."

Akamtazama Ngau anayekunja nyaya. Akatazama mlangoni.

"Si umesikia, Han?"

"Nilikuwa maiti. Maiti hamjibu mtu. Niambie mimi."

Akafungua mdomo. Nilimpa muda, tena muda wa kweli. A-Pui alirudi, akagawa kreti nzima ya chupa, akanipa yangu, nikanywa nusu. Ndipo Kai-hoi akacheka kile kicheko chake cha kwenye majalada ya magazeti.

"Ah, ule ulikuwa mchezo tu. Nilizama. Unatujua sisi waigizaji." Halafu akashusha sauti. "Ile nyumba, nilisahau kukwambia. Ina bustani nyuma."

"Siji," nikasema.

"Kwa sababu ya hilo tu?"

"Hoi, nimeshaishi na mwanaume asiyesema. Bing alikuwa anatengeneza viyoyozi, akirudi anakula, anaosha vyombo, analala. Hakuwa na la kusema, na mimi sikulitafuta. Wewe unalo, ila unangoja nife kwanza."

"Na mtoto je? Shule yake?"

"Mtoto ni wangu. Vua joho. Umelifutia poda, na kesho linahitajika."

Akalivua. Nililiosha mchana uleule, likakauka kwa saa mbili. Ijumaa akaondoka. Nilikuwa napachika mikono ya makoti ya askari kumi na wawili, sikuangalia saa.

Sehemu ile, ya kumi na tisa, ilionyeshwa Novemba, saa mbili na nusu usiku, tukiwa mezani. Yuen-ching alisimamisha vijiti vyake hewani aliponiona nimelala mbaoni.

"Mama! Umekufa vizuri sana."

Maneno ya Kai-hoi hayakusikika hata moja. Walikuwa wameyaondoa na kuweka wimbo wa tamthilia juu yake, na katikati wakachomeka picha za vijana wawili wanafukuzana kwenye mianzi, shujaa na mpenzi wake walipokuwa wadogo. Mdomo wa Kai-hoi ulikuwa unafunguka na kufungika, wimbo unapanda. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia jirani yetu Bibi Kwok analia kwa sauti.

"Huyo alitaka tuhamie kwake Vancouver," nikasema.

Yuen-ching akageuka. "Huyu? Huyu hapa? Lini?"

"Agosti. Nilikataa."

"Hukuniuliza."

"Ungesema ndiyo."

Alirudisha macho kwenye televisheni, akala kipande cha samaki, akatoa mwiba akauweka kando ya bakuli. Yakaja matangazo ya biashara.

"Na chumba changu kilikuwepo?"

"Kilikuwepo."

"Cha peke yangu?"

"Cha peke yako."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani wa mtu mwingine. Alikuwa analala kwenye kochi tangu ana miaka sita. Nilitaka kumwambia kitu, nikatafuta, sikukipata. Nikamwongezea wali. Akaula.