Alhamisi Isiyochwa

Alhamisi moja ya mwaka 1967, saa kumi na moja jioni, Bi Kheiria aliketi kwenye ofisi ya vibali, Maskati, kwa mara ya arubaini na moja. Alitaka karatasi moja tu, ya kumruhusu mama yake, Bi Rahila, apande meli kutoka Unguja.

"Njoo kesho," alisema karani, Bwana Sleyum, mzaliwa wa Pemba, ambaye karatasi yake mwenyewe aliipata mapema.

"Kesho nnakuja. Na keshokutwa. Nitakuja renjitsu."

"Dude gani tena hilo?"

"Kijapani. Kaka yangu Bakhit kafunzwa na mabaharia wa meli ya mafuta. Maana yake siku juu ya siku, bila kukatika."

Wajapani husema hivyo kwa jambo linaloendelea kila siku, na usiku wao huingia kama kawaida. Lakini jua la Maskati halikusoma Kijapani. Lilifuata tafsiri ya Bakhit. Lilifika juu ya mlima, likasimama.

Siku ya Mswahili huanza magharibi. Pasipo magharibi, Ijumaa haikuwa na pa kuingilia. Mwadhini alipanda mnarani, akangoja, akateremka kunywa kahawa. Lango la mji, ambalo hufungwa saa tatu usiku, lilibaki wazi. Mzee Mahfoudh, aliyekuwa amefunga sunna, aliendelea kufunga, akawa mwepesi hata nyayo zake haziachi alama mchangani.

"Kesho," alisema Bwana Sleyum kila alipoulizwa.

"Kesho ipi, sheikh? Nishasuka mikeka mitatu hapa!"

"Mimi sina kosa, dada. Aliyelikamata jua ni wewe."

Meli mbili zilitia nanga. Ya pili ilileta barua ya Bi Rahila, na Kheiria akaisoma kwa sauti:

"Mwanangu, usiku wenu umekuja huku, umelala juu ya wetu. Nimefunga mizigo, nimekaa juu ya sanduku. Nnangoja kuche, na ile karatasi, nipande meli."

Bwana Sleyum aliguswa sana. Alitoa leso, akafuta macho, akafuta na mhuri, kisha akaurudisha ndani ya mtoto wa meza.

"Maskini," alisema. "Mwambie asubiri."

Kheiria akaomba kalamu ya kujibu. Bwana Sleyum alimpa yake bila kinyongo, kwani hakuwa na kazi nayo.