Mke wa Mchungaji Hakusimama

Mke wa mchungaji alikuwa fundi cherehani, na sare za kwaya ya watoto alizishona yeye. Alipoolewa, vitambaa vya kwaya vilikuwa vinajaa meza nzima. Miaka ya karibuni alikuwa akimaliza kazi yote kwa mchana mmoja, na kitambaa kinabaki. Vijana walioana, wakapata mtoto mmoja au wawili, basi. Wazee wa kanisa waliliona hilo, wakaliwekea kikao.

"Kanisa linazeeka," mwenyekiti wa wazee alimwambia mchungaji. "Nawe utawaambiaje watu wazae, wakati mwenyewe una wawili tu?"

Neno hilo lilimchoma. Hao wawili walikuwa mapacha wa mimba ya kwanza. Mimba ya pili ilimpasua mkewe kizazi. Mtoto akafia tumboni, na mama mwenyewe aliponea chupuchupu. Daktari aliwaita wote wawili, akawaambia wazi kwamba mimba nyingine inaweza kumuua. Siku ile mchungaji alilia kama mtoto. Lakini hayo yalikuwa ya mwaka juzi, na wazee walitaka jibu sasa.

Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya baraka ya uzao. Alihubiri vizuri, hata wale wa kusinzia walikuwa macho. Mwisho akafunga Biblia.

"Wanandoa wote ambao bado mnaweza kuzaa, simameni. Tunamwekea Mungu nadhiri kwamba hatutafunga mlango. Na nyumba yangu ndiyo ya kwanza."

Mkewe alikuwa amekaa benchi la mbele, katikati ya mapacha. Hakuwa ameambiwa lolote. Nyuma yake mabenchi yalilia, watu wakiinuka wawili wawili. Mumewe alimnyooshea mkono kutoka madhabahuni, akitabasamu kwa midomo tu.

"Mama Pacha."

Mkewe akawavuta mapacha karibu.

"Mama Pacha, simama basi."

"Sisimami."

Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti cha kwaya kilikuwa karibu, kikaibeba mpaka mlangoni. Mtu akakohoa. Mama Pacha aliwashika watoto mikono, akatoka kwa njia ya katikati, macho ya kanisa zima yakimwandama mgongoni. Hakuna aliyemfuata.

Mchana mchungaji aliingia nyumbani, hata viatu hakuvua.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Na wewe umenitoa kafara mbele ya watu hao hao. Hata kunidokeza hukunidokeza!"

"Ni imani, mke wangu! Mungu hashindwi kukuponya."

"Najua hashindwi. Ningekuwa simwamini ningesimama, nikanyoosha mkono, halafu nikarudi zangu nyumbani kumeza vidonge. Nimekaa kwa sababu namwogopa. Siwezi kumwahidi kitu ninachojua sitakifanya."

Mchungaji aliinama, akaanza kuvua viatu.

"Jumanne naenda hospitali kufunga kizazi," mkewe akaendelea. "Sikuombi ruhusa. Nataka uje unishike mkono. Usipokuja, nitakwenda na dada yako."

"Jumanne wazee wameniita kikaoni. Wanaweza kunitoa."

"Basi amua."

Baada ya hapo walizungumza kupitia watoto tu: mwambie baba chai tayari, mwambie mama sitaki. Jumanne asubuhi mchungaji alivaa suti, akatoka bila kuaga. Mama Pacha alisikia geti likifungwa. Alinawa uso, akampigia simu wifi yake mwenye saluni.

"Wakimfukuza aje kwangu," wifi alimwambia walipokuwa wakisubiri hospitalini. "Wateja wangu wanapenda mtu wa kuongea bila kuchoka."

Mama Pacha hakucheka. Nesi alikuwa ameshamwita, naye ameshainuka, mchungaji alipoingia akihema, tai imepinda.

"Wamekutoa?"

"Sijui. Nimewaambia alichosema daktari. Nimewaambia na mimi nilikuwa najua, na bado nikakuita usimame. Mwenyekiti akaanza kusema, nikamwacha anasema."

Simu ikalia mfukoni mwake. Akaitazama, akaizima, akampa dada yake. Kisha akamshika mkewe mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

Wazee hawakumtoa. Mwenyekiti ndiye aliyehama kanisa, na familia kadhaa pamoja naye. Miongoni mwa walioweka nadhiri, baadhi walizaa, na mchungaji aliwapokea watoto wao kwa furaha ya kweli. Wengine hawakuzaa, naye hakuwauliza. Wapo mpaka leo wanaompita Mama Pacha bila salamu.

Neno "nisamehe" mchungaji hajalitamka. Lakini wiki ile ya mshono mbichi ni yeye aliyefua, akaanika nguo za ndani za mkewe kwenye kamba ya uani, mchana kweupe, waumini wakipita.