Ruhusa ya Mwenye Kiti

Mchana wa Jumatano, wajumbe wa kamati ya bajeti walipokwenda kula, Leokadia Haule alilaza kichwa juu ya meza yake ya kazi, akaota ndoto ambayo hadi leo anaisimulia bila kucheka.

Leokadia alikuwa mwandishi wa sheria, mwezi wa tano wa majaribio kati ya sita. Kazi yake ilikuwa kuchukua yale ambayo kamati imekubaliana kuhusu Muswada wa Fedha na kuyaandika kwenye jedwali la marekebisho, neno kwa neno. Kifungu cha 42 kilisamehe kodi vitu vya aina mbili: aya ya (a), viti vya magurudumu vya watu wenye ulemavu, aya ya (b), vigari vya kuzungukia viwanja vya gofu. Kamati iliamua aya ya (b) ifutwe. Leokadia, macho yamemchoka, aliandika: "Kifungu cha 42 kinafutwa." Chote.

Aliligundua kosa saa sita na nusu. Akalipeleka mbio kwa mkuu wake, Bwana Kasiani Mlowe, aliyekuwa anavaa koti aende kula.

"Jedwali limeshagawiwa kwa wajumbe," alisema Bwana Mlowe. "Saa nane wanalipitisha."

"Ndiyo maana nimekuja sasa, mzee."

"Na kosa ni la nani?"

"Langu."

"Na barua yako ya kuthibitishwa kazini iko mezani kwa nani?" Hakungoja jibu. "Nenda kale, Leokadia."

Hakula. Alirudi ofisini, akaitazama ile sentensi mpaka maneno yakaanza kuogelea, na usingizi ukamchukua.

Anaamshwa na kengele ya Bunge. Kengele imesimama mlangoni, imevaa tai.

"Akidi haijatimia," inasema. "Amepungua mmoja. Wewe unahesabika?"

"Mimi ni mtumishi."

"Basi huhesabiki. Twende."

Wanafuata korido ileile ya siku zote, wanapita masjala, wanapita chumba cha chai, wanatokea bandarini. Ukumbi wa kamati uko katikati ya makontena. Hakuna anayeshangaa, na Leokadia naye anaona si adabu kushangaa peke yake.

Wajumbe wote wamesimama. Anamuuliza aliye karibu kwa nini hawakai.

"Kanuni," anajibu mjumbe. "Mwenye kiti ni mmoja tu."

Kweli, kiti ni kimoja. Juu yake amekaa Mheshimiwa Mlekwa, mwenyekiti wa kamati, ambaye akiwa macho Leokadia humfahamu kama mtu mfupi, mpole, mwenye kutafuna tangawizi. Humu ndotoni ana urefu wa mlango na hatafuni kitu.

Vifungu vya muswada vimekaa sakafuni kwa mpangilio wa namba.

"Kifungu cha 41 kisimame," anasema Mheshimiwa Mlekwa.

Kifungu cha 41, kinene, chenye masharti mengi yanayoning'inia, kinasimama kwa shida.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyooo!"

"Kifungu kimepita."

Nacho kinapita. Kinawapita wajumbe, kinawapita walinzi, kinatoka mlangoni bila kuaga.

"Kifungu cha 42."

Kinasimama kifungu chembamba, nguo zimepigwa pasi, kimeshika watoto wawili mkononi. Mmoja, aya ya (a), anatazama chini. Mwingine, aya ya (b), amevaa glavu moja nyeupe.

"Mimi niliambiwa nimlete (b)," Kifungu cha 42 kinamwambia Leokadia kwa sauti ya chini. "Nimemwogesha, nimeshaagana naye. Mbona karatasi inatutaja sote?"

"Nilikosea kuandika."

"Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Ananyoosha mkono. Anafungua kinywa. Hakitoki kitu, hata pumzi. Kipaza sauti cha mezani kinageuza shingo kumtazama.

"Mtumishi hana sauti mbele ya kamati," kinasema, "isipokuwa kwa ruhusa ya mwenyekiti. Usinilaumu mimi. Mimi napaza, sitoi."

Hoja inaingizwa ukumbini na watu sita. Ni kitu kikubwa cha kijivu, kimelowa kama godoro lililoachwa mvuani. Inawekwa mezani.

"Naunga mkono," anasema mjumbe wa kwanza, na mkono wake unazama ndani ya hoja mpaka kwenye kiwiko.

"Naunga mkono," anasema wa pili. Wake unazama mpaka begani.

Muda si mrefu wajumbe wote wameungana na hoja, wamejipanga kuizunguka. Leokadia anamshika mmoja kiunoni, anavuta. Mkono hautoki.

"Acha, mwanangu," anasema mjumbe huyo, bila hasira. "Nimeshaunga. Sasa kinachobaki ni kusema ndiyo, nikale."

Mheshimiwa Mlekwa anatoa kifutio cha shule kutoka mfukoni. Anainama. Anafuta viatu vya Kifungu cha 42. Viatu havipo tena.

Nje, kwenye makontena, mtu anaanguka. Puu. Kisha mwingine. Puu. Kisha wengi, mfululizo. Leokadia anachungulia mlangoni. Viti vya magurudumu vinawatoka watu chini yao, kimoja kimoja, bila haraka, vinaingia ukumbini na kujipanga nyuma ya Mheshimiwa Mlekwa.

"Viti vyote ni vya mwenye kiti," inaeleza kengele.

Kifutio kimefika magotini. Aya ya (a) amemshika Leokadia sketi. Leokadia anapiga meza, hailii. Anapiga miguu, hailii.

Hapo ndipo anapoingia Bi Zamda Kipingu.

Bi Zamda alikuwa mtu wa kweli. Wiki iliyotangulia alifika mbele ya kamati kutoa maoni, akaweka breki ya kiti chake, akasema: "Waheshimiwa, sikuja kuomba msaada. Miguu yenu mlikuja nayo, hakuna aliyewasimamisha bandarini kuwatoza ushuru. Ya kwangu mimi mnaiita bidhaa kwa nini?" Leokadia ndiye aliyeyaandika maneno hayo.

Humu ndotoni anaingia jasho likimtiririka, amekamata magurudumu kwa mikono miwili, maana kiti kinataka kwenda kujipanga na wenzake.

"Mbona umenyamaza?" anamuuliza Leokadia.

Leokadia anaonyesha koo lake.

Bi Zamda anakigeukia kipaza sauti. "Kanuni inasemaje?"

"Kwa ruhusa ya mwenyekiti," kinajibu.

"Mwenyekiti ni nani?"

Kipaza sauti kinafikiri. "Ni mwenye kiti."

"Na hiki nilichokalia ni nini?"

Kengele inafungua kitabu cha kanuni. Inalamba kidole, inageuza ukurasa. Inageuza mwingine. Kifutio kimefika kiunoni.

"Ni kiti," inakiri kengele.

"Na mwenyewe ni nani?"

Kengele inalegeza tai. "Ni wewe, mama."

"Basi ruhusa nimetoa. Sema upesi, mwanangu, mikono yangu inachoka."

"Wasioafiki waseme siyo," anasema Mheshimiwa Mlekwa, kwa sauti ya mtu asiyetarajia jibu, kifutio kikiwa kifuani mwa Kifungu cha 42.

Leokadia anavuta pumzi yote iliyomo bandarini.

"Siyo!"

Makontena yanatetemeka. Hoja inatema mikono yote kwa pamoja.

Aliamka. Shavu lake lilikuwa limebandikana na jedwali. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini na tano; kamati ilikuwa imeshaanza bila yeye. Mlangoni alisimama Ignas Chokala, mwandishi wa kumbukumbu za vikao, anahema, karatasi mkononi.

"Ulikuwa hapa muda wote?" aliuliza Ignas.

Leokadia aliitikia kwa kichwa.

"Hukuingia ukumbini hata kidogo?"

Akatikisa kichwa.

Ignas aliiweka karatasi mbele yake. Ilikuwa rasimu ya kumbukumbu, wino bado una joto la mashine.

MWENYEKITI: Kifungu cha 42. Wasioafiki waseme siyo.
SAUTI: Siyo!
MWENYEKITI: Nani huyo?
(Hakuna mjumbe aliyejibu.)

"Imetokea nyuma, kwenye viti vya watumishi," alisema Ignas. "Sote tuligeuka. Imetokea kwenye kiti chako, Leokadia, na kiti kilikuwa kitupu. Mwenyekiti amekataa kuendelea. Anataka kujua kama kifungu hicho kina kasoro. Bwana Mlowe amemwambia hakina."

Leokadia alichukua jedwali, akatoka. Korido ilikuwa ya kawaida, ilipita masjala, ikapita chumba cha chai, ikafika ukumbini. Bwana Mlowe alimwona akiingia, akamwonyesha kwa macho pa kukaa. Hakukaa. Alinyoosha mkono. Mheshimiwa Mlekwa, mfupi vilevile, alihamisha tangawizi shavu la pili na kumwashiria aseme.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, na sauti ilitoka imekwaruza, kama ya mtu aliyepiga kelele uwanjani dakika tisini. "Kosa ni langu. Kamati ilifuta aya ya (b). Mimi nikaandika kifungu kizima."

Bwana Mlowe aliitazama kalamu yake.

Mheshimiwa Mlekwa alifungua jedwali, akakata sentensi ile kwa mstari mmoja, akaandika pembeni, akatia saini. Alipomaliza akamtazama Leokadia.

"Sauti hiyo nimeisikia leo," alisema. "Kuna kifungu kingine unachokikataa, au twende cha 43?"

Leokadia alijibu kwamba waende cha 43.