Kitone cha Kijani Kwenye Kioo cha Baba

Kioo cha kompyuta ya baba kilizimika asubuhi, wakati baba ameshanyoosha mkono kucheza. Hakikupasuka, hakikutoa moshi. Kiliwaka kidogo tu, kama mtu aliyefumbua jicho na kulifumba, kikawa cheusi. Baba akakitandika kofi la ubavuni. Ndivyo anavyoifanyia redio yake, na ndiyo maana redio yake siku hizi inashika stesheni moja tu.

"Usikipige," nikamwambia. "Unakimalizia."

Mimi ni msusi. Umeme sijausomea hata siku moja. Ila saluni ina madraya, madraya yanakufa kila kukicha, na mafundi wake wana ahadi hewa kuliko wachumba. Nikajifunza kuyafungua mwenyewe, na tangu hapo nikiona skrubu mkono unaniwasha. Siku ile nilikuwa nimefunga saluni, nimekuja kuwasalimu wazazi tu. Nilipoona kile kioo cheusi, kusema kweli, nilifurahi kidogo.

Baba hakufurahi hata chembe. Kwenye kompyuta ile anacheza drafti na Baba Mkubwa, kaka yake, anayeishi mbali. Ni drafti tu. Hawapigiani simu wala hawaandikiani neno, tangu siku ya kugawana vitu vya marehemu bibi, baba aliponyanyuka katikati ya mazungumzo, akaubamiza mlango, akaenda zake. Miaka ikapita hivyo hivyo, kila mmoja amenuna kwake. Mwishowe mimi na binamu yangu tukala njama. Tukawafungulia mchezo wa mtandaoni, na kila mzee tukamwambia kwamba mwenzake ndiye aliyeomba. Sijutii. Huyu anasukuma kete leo, yule anajibu kesho, na kwao hayo ndiyo mazungumzo.

Mchezo ule una sharti lake. Ukipewa zamu una siku moja ya kujibu. Ikipita, kompyuta inaandika kwamba umeukimbia mchezo. Zamu ilikuwa ya baba, na muda wake ulikuwa unaisha jioni ile.

"Nikiandikwa nimekimbia, ndiyo basi tena," baba akasema. "Atasema si nilijua, huyu kazi yake kunyanyuka na kuondoka."

"Si umpigie umwambie kioo kimekufa?"

"Simu ni ya maneno. Maneno ndiyo yaliyotufikisha hapa."

"Basi nitaufungua kwenye simu yangu, nikuchezee."

"Fungua tuone."

Hapo nikanywea. Neno la siri niliweka mimi, na lilikuwa limenitoka kichwani zamani. Kompyuta pekee ndiyo iliyokuwa ikilikumbuka. Baba alinikata jicho, akavuta kiti, akakaa kukisimamia kile kioo kama anauguza mtu.

Nikaanzia ukutani. Nilichomeka taa ya mezani kwenye soketi ile ile, ikawaka. Nikautoa waya wa umeme wa kioo, nikaazima wa birika la mama, maana unafanana nao kabisa. Mama akauliza chai yake itachemka kwa dua au vipi. Giza lile lile. Lakini kitaa kidogo pembeni mwa kioo kilikuwa kinawaka, kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Kompyuta yenyewe, chini ya meza, feni ilikuwa inavuma vizuri. Nikachomoa waya wa picha, nikaurudisha na kuukaza. Mwanga ukaja mara moja, ukakimbia.

Mwanga ule ulianza kunisumbua akili. Kama kimekufa kabisa, kwa nini kinawaka kwanza? Kuna kitu humo ndani kilikuwa kinajaribu, kinashindwa.

Nikavuta mapazia. Nikawasha tochi ya simu, nikaisogeza hadi karibu iguse kioo, nikailaza upande. Mwanzoni niliona vumbi na alama za vidole vya baba. Kisha, ndani kabisa, vikatokea vimiraba. Nikaisogeza tochi polepole. Kete moja, ya pili, kingi ya Baba Mkubwa imejikunyata kwenye kona yake.

"Baba, picha ipo."

"Ipo wapi?"

"Humu humu, gizani. Kilichozimika ni taa ya nyuma yake. Ni kama maua ya pazia, usiku huyaoni, lakini hayajaenda popote."

Baba akaja akagusisha pua. Macho yake yana ukungu, na ndiyo sababu tulimnunulia kioo kikubwa. "Naona tochi," akasema. Nikamsogezea huku na huku, akaendelea kuona tochi. Nikamwambia anielekeze tu kwa mdomo, nitasukuma mimi kete. Akakataa katakata. Mchezo wa kusimuliwa hauchezi, na mkono wa mtu mwingine hautaki.

Ikabidi kifunguliwe. Nilikichomoa, nikakilaza kifudifudi juu ya mto kitandani, nikakiacha kwanza umeme uliobaki ndani utulie, maana draya moja iliwahi kunifunza adabu. Skrubu zilitoka bila ubishi. Fremu ndiyo iliyong'ang'ania, mpaka nikatoa kitana changu chenye mkia, nikaupenyeza ule mkia na kuzunguka nao taratibu. Ikaachia kwa mlio ambao baba aliusikia hadi moyoni.

Ndani kulikuwa na kibao cha umeme chenye vikopo vidogo vidogo vilivyosimama, vinaitwa kapasita. Vingine vichwa vyao vilikuwa bapa. Viwili vilikuwa vimevimba juu, kama mfuniko wa kopo la chakula kilichochacha. Hapo nikajua ugonjwa. Vitu hivi huvimba kwa joto, na joto linatakiwa litoke kwenye matundu ya mgongoni. Nikaugeuza mfuniko kuyaangalia. Yote yalikuwa yamezibwa na nyuzinyuzi za kijani.

"Hizi zimetoka wapi?" nikauliza.

Mama akainama, akachomoa moja kwa kucha. "Hili ni taulo langu," akasema.

Baba akageuka kutazama dirishani, na mapazia yalikuwa yamefungwa.

"Anakifunika kila usiku," mama akaendelea. "Eti mwanga usinisumbue. Nikamwambia si ukizime tu? Hataki."

"Baba, unakifunika kikiwa kinawaka? Mpaka asubuhi?"

"Sasa nikikizima, kitone si kinazimika?"

Kitone chenyewe ni cha kijani, kiko pembeni mwa jina la mchezaji. Kinawaka mtu akiwa yupo. Baba akaeleza kwa shida, kama mtu anayetolewa mwiba. Siku hizi usingizi wake ni wa vipande. Akiamka hukifunua kioo aangalie, na mara nyingi kitone cha kaka yake anakikuta kinawaka. "Naye halali," akasema. "Sitaki aangalie akute mimi sipo."

Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumgombeza kuhusu taulo. Niliyameza yote.

"Kitone si cha kioo, baba," nikasema. "Ni cha kompyuta. Ungezima kioo ukalala zako, kitone kingebaki."

Akalitafuna hilo. Akatazama chini ya meza, feni inakovuma. "Kwa hiyo hata sasa hivi kipo?"

"Kipo."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi."

Baba akakaa kitandani. "Basi ananiona," akasema. "Nipo, nimekaa, namtazama tu, simjibu."

Mama akauliza kama aizime hiyo kompyuta. "Usiizime," baba akasema haraka. "Ukiizima ndiyo nimeondoka."

Nilikibeba kile kibao, nikatoka na kandambili za mama, mguu mmoja kidogo nivae ya baba, nikaenda kwa fundi redio wa mtaa wa pili. Alivitazama vile vikopo, akachomoa vyenye namba zile zile kwenye mashine iliyokufa, akanionya kwamba upande wenye mstari mweupe uwekwe pale pale ulipokuwa. Akauliza nani anayechomelea. Nikasema mimi. Akazitazama kucha zangu, akaniazima chuma chake cha kuchomelea, akanitakia heri.

Kuchomelea kunahitaji mkono uliotulia, na wangu ulikuwa na haraka. Tone la kwanza la risasi iliyoyeyuka lilidondokea kwenye shuka, la pili likaniunguza kidole. Mama akanishikia tochi. La tatu likashika. Nilipomaliza cha pili niliyasugua yale matundu kwa brashi ya kupakia rangi ya nywele, nikakirudisha kioo mezani bila hata kukaza skrubu, nikawasha.

Mwanga ukaja. Nikasubiri ukimbie. Haukukimbia.

"Kimekaa," mama akasema.

Ubao ulikuwa pale, kete zote mahali pake, na saa ya mchezo imebakiza dakika chache. Lakini chini ya ubao, kwenye kisanduku cha kuandikia ambacho hakijawahi kuguswa na yeyote kati yao, palikuwa na maandishi. Baba aliyasoma mwenyewe, midomo inacheza. *Nakuona upo. Kama umenichoka sema.*

"Cheza kwanza, baba," nikasema. "Muda unakwisha."

Akauondoa mkono wangu kwenye kipanya, lakini naye hakukishika. Alikuwa anatafuta herufi. Kwa kidole kimoja, akiinama na kuinuka, akaandika: *Kioo kilikufa. Sijaenda popote.*

Akabonyeza kutuma. Kisha simu yake ikaita. Akaliangalia jina, akaiacha iite. Mama akaichukua, akaipokea, akaiweka kwenye kiganja cha baba.

"Haloo," baba akasema.

Sauti ya Baba Mkubwa ni nene, na simu ya baba iko juu siku zote. Tulisikia pumzi, kisha kikohozi.

"Kioo kina nini?"

Baba akakitazama kioo. "Taa ya nyuma."

"Ya nyuma wapi?"

"Nyuma ya picha. Picha yenyewe ipo, ila huioni mpaka umulike tochi. Ndani kuna vikopo, vimevimba vichwa. Ninacho kimoja hapa mkononi, ungekiona."

"Umefungua wewe?"

"Kafungua binti yako. Kwa kitana."

"Kitana?" Baba Mkubwa akacheka, na kicheko kile kilikuwa cha baba kabisa. "Sasa vikopo vimevimba kwa nini?"

"Joto. Nilikuwa nakifunika taulo."

"Ulikuwa unakifunika kwa nini?"

Baba akakigeuza kile kikopo mkononi. "Nilikuwa sitaki kukizima," akasema.

Kisha Baba Mkubwa akasema, taratibu, "Mimi hiki changu nakifunika blanketi."

Baba akasimama. "Kifunue, kaka," akasema. "Kifunue sasa hivi. Kigeuze, mgongoni kuna matundu. Umeyaona? Chukua tochi."

Hapo ndipo saa ya mchezo ilipokwisha. Kioo, kwa mwanga mzuri usio na kasoro, kikaandika kwamba baba ameukimbia mchezo. Mimi na mama tukatazamana. Baba alikuwa amekipa mgongo, anamwelekeza kaka yake pa kumulika.