Kuku Bila Kitunguu

Mimi na mbwa hatuna ugomvi wowote, mradi kila mmoja akae mahali pake. Mbwa uani, mimi jikoni. Ndivyo nilivyomwambia mtoto wa kaka yangu asubuhi ile alipoingia jikoni na habari zake za kubandua tangazo la mlangoni, lile la mbwa hawaruhusiwi, ambalo baba yake mwenyewe alilibandika kabla yeye hajaota meno.

"Shangazi, watu wanapita hapa na mbwa wao kila siku," alisema. "Wanasoma tangazo, wanavuka barabara, wanakwenda kukaa kwa wenzetu. Sisi tunawaangalia tu."

"Waende. Kwani tumewafunga?"

"Meza za nje zinakaa tupu, Shangazi."

"Meza tupu haimwagi manyoya kwenye mchuzi."

Mgahawa ni wake. Kaka yangu alipofariki alimwachia yeye, na sina kinyongo, maana binti ana kichwa cha biashara na mimi nina mikono ya kupika. Lakini jikoni ni kwangu. Nimesimama mbele ya jiko lile tangu kuta zikiwa na rangi nyingine, na sijawahi kurudishiwa sahani kwa sababu ya uchafu. Sasa aniletee mbwa ajikung'ute pale watu wanapokula, halafu mteja akute unywele kwenye wali, atalaumiwa nani? Mpishi. Siku zote ni mpishi.

Nilipoona maneno hayamwingii, nikatoa silaha yangu.

"Na Mzee wa Dirishani je? Mtu ana presha. Mbwa abweke karibu yake, adondoke hapa hapa mbele ya macho yako. Utawaambia nini watu wake?"

Hapo akaacha kubisha, maana Mzee wa Dirishani anaheshimiwa na kila mtu pale. Ni fundi saa mstaafu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linasimama. Kila mchana hukaa meza ya dirishani, hunywa chai kwa mkate, na huagiza sahani moja ya kuku wa kuchemsha na karoti na wali laini, bila chumvi, bila kitunguu. Sahani hiyo haigusi. Huihamishia kwenye bakuli lake lenye kifuniko na kuondoka nalo, eti atakula nyumbani polepole. Siku ya kwanza kabisa alikuja mwenyewe mpaka kwenye dirisha la kupitishia chakula, akainama ili tuonane.

"Mama, nakuomba sana," alisema. "Kitunguu kinanidhuru. Hata kidogo."

Neno presha hakulitaja. Nililitambua mwenyewe. Mtu mzima, kila kitu bila chumvi, anakula kidogo kidogo. Mwenye macho haambiwi tazama. Na kesho yake alipokuja nalo tena lile bakuli, lilikuwa linang'aa kama limetoka dukani. Tangu siku hiyo nikawa na mteja wangu. Wengine wakisifiwa kwa viungo, mimi nilijisifu kwa kumpikia mtu chakula kisicho na kitu ndani na bado akakimaliza chote. Niliwaambia majirani. Nilimwambia mume wangu mpaka akaniuliza kama huyo mzee bado ana mke.

"Sawa," binti akasema mwishowe. "Tumuulize mwenyewe. Akisema mbwa wasiingie, tangazo linabaki na sitalitaja tena mpaka nife. Akisema waingie, utawapikia na hao mbwa, na hutanuna."

"Tumuulize," nikasema upesi, kabla hajabadilisha mawazo.

Moyoni nikacheka. Kesi ya nyani ameipeleka kwa ngedere, na nyani mwenyewe ni mimi.

Tukamtuma Spidi, mhudumu wetu. Jina hilo alipewa kwa sababu chai anayoibeba humfikia mteja ikiwa imeshapoa. Alikwenda mtaa wa nyuma kwa Mzee, akarudi wakati nimeshamenya gunia zima la viazi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, Mama. Amefurahi huyo! Amesema atakuja saa ya chakula, na atajibu mbele ya watu wote."

Binti akanitazama. Nikajifanya naangalia moto.

Sasa sikilizeni nilichokifanya, na msiniulize kwa nini, maana siku ile niliona ni wema. Nilijisemea, huyu mzee leo ananitetea mbele ya watu, na mimi nimlishe tena maji ya moto yenye kuku? Chumvi sikuigusa. Mimi si muuaji. Lakini kitunguu! Katika maisha yangu yote ya jikoni sijawahi kuamini kwamba kitunguu kinamdhuru mtu. Kinachowadhuru watu ni wapishi wavivu wasiokiivisha. Nikakikaanga taratibu mpaka kikawa rangi ya kahawia, nikakisaga, nikakichuja kwa kitambaa, nikakimimina kwenye supu ya kuku. Ukitazama huoni kitu. Ukionja, unaona mchana umekuwa na maana. Nikasema moyoni, leo Mzee atajua anapikiwa na nani.

Saa ya chakula ilipofika meza zilijaa. Nikaegemea dirisha langu la kupitishia chakula, uso nimeuosha, kilemba nimekifunga upya. Mlango ukafunguliwa, Mzee akaingia, na nyuma yake kwenye kamba akaingia mbwa.

Nikadhani nimeona vibaya. Nikafumba macho nikafumbua. Mbwa yupo. Mweupe, mzee, mdomo una mvi, anatembea kwa kupima kila hatua kama mtu aliyetoka kulazwa. Mwanamke mmoja wa meza ya karibu na mlango akainua miguu yake yote miwili akaiweka kitini. Mtu akasema "Hee!" Spidi alikuwa amesimama katikati na sahani ya Mzee mkononi, akaganda hapo hapo.

"Shikamoo Mzee," binti akasema, macho yakiwa kwa mbwa.

"Marahaba, binti yangu. Nisameheni jamani, huyu hana neno na mtu. Anaitwa Pamba." Akaketi mahali pake pa siku zote. Mbwa akajilaza chini ya meza bila kuambiwa. "Nilipoletewa lile swali lenu leo, nimeona Mungu kanifungulia njia. Nimekuwa nikificha jambo kwa muda mrefu. Leo nimekuja na mwenye chakula."

Akaipokea sahani kwa Spidi. Akaishika kwa mikono miwili, kwa adabu, kisha akainama na kuiweka sakafuni.

Sahani yangu. Jamani, sahani yangu! Ile ya bluu, ninayoitenga kwa ajili yake peke yake. Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Miezi na miezi nimechemsha, nimechambua mifupa, nimepoza kwa kupepea, nimejisifu kwa mume na majirani, kumbe nampikia mbwa! Nikashika mwiko. Sijui nilitaka kuufanyia nini, lakini niliushika, na nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kutoa kelele ambayo mtaa mzima ungeisikia.

Mzee alikuwa akiendelea kuzungumza, na watu wote wamegeuka kumsikiliza.

"Figo zimemharibikia. Daktari wa mifugo aliniambia nisimhesabu kati ya walio hai. Akasema labda nikimpata mtu wa kumpikia vizuri, bila chumvi hata chembe. Na kitunguu ndiyo kabisa, kwa mbwa ni sumu, na kwa huyu alivyo, kidogo tu kinammaliza. Mimi kupika sijui. Nikaja hapa nikamdanganya mama wa jikoni, nikasema ni changu, maana niliogopa angekataa kumpikia mbwa." Akainua uso kuelekea kwenye dirisha langu, anatabasamu. "Na mama yule hajakosea hata siku moja. Huyu mbwa anaishi kwa mikono yake. Nimemleta amshukuru."

Mbwa akanyanyua kichwa, akanusa sahani.

Sikumbuki kufungua mlango wa jikoni. Nakumbuka nimeangusha kiti cha mtu, nakumbuka binti akisema "Shangazi! Shangazi, usimpige!" maana mwiko bado nilikuwa nao. Nikajitupa chini pale watu wanapokanyaga kwa viatu. Sahani nikaisukuma kwa mkono ikaenda kugonga ukuta na supu ikatapakaa. Lakini kipande cha nyama alikuwa ameshakichukua. Taya zilikuwa zinatafuna.

Nikaingiza vidole vyangu kinywani mwa mbwa.

Mimi, ambaye mbwa akipita barabarani navuka upande wa pili. Kinywa kilikuwa cha moto na chenye utelezi, na meno machache. Niliogopa sana, lakini si kung'atwa. Niliogopa kwamba nimechelewa. Mbwa hakuning'ata. Aliachia, akanitazama, na mimi nikabaki nimepiga magoti na kipande cha kuku kiganjani, mate yananitiririkia mpaka kwenye kiwiko.

 Jikoni sufuria zilisikika zikichemka.

"Mama," Mzee akaniambia, "kuna nini?"

"Kuna kitunguu."

Akatazama supu iliyotapakaa. Akainama, akapitisha kidole, akakitazama kidole.

"Kiko wapi? Mbona sikioni?"

"Nimekikaanga. Nikakisaga, nikakichuja."

"Ili kisionekane."

"Mzee wangu, nisamehe, sikujua ni cha mbwa!"

Nilidhani maneno hayo yatanisaidia. Niliyasema kwa sauti, ili na wateja wayasikie. Lile tabasamu alilokuja nalo Mzee likawa limekwisha.

"Hukujua ni cha mbwa," akasema. "Ulijua ni cha nani?"

Nikaitazama ile sahani ya bluu pale ukutani.

"Ulijua ni changu mimi. Mimi niliyekuja pale dirishani nikakuomba. Nikakwambia, hata kidogo."

"Nilitaka upate ladha, Mzee. Kitunguu kikiiva vizuri hakina..."

"Nilikwambia kinanidhuru."

Hakupandisha sauti. Heri angenitukana, ningejua pa kushika, mimi kwa kujibu matusi sijambo. Alimwinamia mbwa wake, akampangusa mdomo kwa leso, akampa maji ya glasi kwenye kiganja. Alijaribu kumnyanyua, akashindwa. Hapo Spidi akatupa sinia lake mezani, akambeba yule mbwa kifuani kama mtoto, akatoka mbio kuelekea kwa daktari wa mifugo. Tulimwona kupitia dirishani akikata kona. Sikuwahi kumwona mtu yule akikimbia.

Mzee akachukua kofia yake. Alipofika mlangoni akajishikilia kwenye fremu, akageuka, akamtafuta binti kwa macho.

"Binti yangu, uliniuliza swali. Nilikuja hapa na jibu jingine kabisa." Akavuta pumzi. "Lakini Shangazi yako yuko sahihi. Msilete mbwa humu. Mnyama hawezi kuuliza kilichomo kwenye sahani."

Akaondoka bila kuufunga mlango.

Binti alisimama pale pale na kitambaa cha kufutia meza mkononi. Ana macho ya baba yake, na kaka yangu alipokasirika sana hakuwa akimtazama mtu.

"Haya, Shangazi," akasema akitazama sakafu. "Umesikia. Tangazo linabaki."

Nimeshinda. Ndicho nilichokitaka tangu asubuhi, na nimekipata mbele ya watu wote, kwa kinywa cha mtu niliyemchagua mwenyewe. Nikainuka. Kile kipande cha kuku bado nilikuwa nacho. Nilitafuta mahali pa kukiweka, nikakosa.

Yule mwanamke wa karibu na mlango akashusha miguu yake kutoka kitini, mmoja mmoja. Alikuwa ameshakula nusu ya chakula chake. Akaivuta sahani karibu, akaigeuza huku na huku, akachimbua mchuzi kwa ncha ya kijiko.

"Mpishi," akasema, "mimi nilisema karanga zinanivimbisha koo."

"Sikuweka, mwanangu."

"Nilimwambia mhudumu."

"Alinifikishia. Sikuweka, kweli kabisa."

"Ungeweka, ningejuaje?"

 Nikawatazama watu wa meza nyingine wanitetee, watu ninaowalisha kila siku, ninaojua nani anapenda ukoko na nani hali maini. Walikuwa wanatazama sahani zao. Kijana wa meza ya pili akaweka kijiko chini. Mwenzake naye akaweka chake.