Kuku wa Daraja la Ruiru

Haya nimesimuliwa na Viola wa Membley, Jumapili iliyopita, tukichambua mboga za managu nyuma ya kanisa. Ni mambo ya wazazi wake, Boaz na Dorine, wa kule Makongeni.

Tangu astaafu kiwandani, Boaz hakutaka kitu kingine ila kutembelea madaraja. Alishayapanga: aanze na lile la watu kuvukia barabara kuu pale Ruiru, kisha la Chania, kisha ya mbali. Lakini kwenda peke yake hakutaka. Mtu akiona kitu kizuri bila mkewe, atamwambia nani?

Dorine akakubali, ila akamwambia, "Baba Viola, mimi siendi kutembelea mikono mitupu."

"Ni daraja. Halili."

"Hata mamako alisema hali nyama, na kuku akamaliza."

Boaz akambeba kuku. Dorine akabeba kikapu cha sukari na mkate.

Kufika Ruiru, Dorine akasimama chini ya ngazi, akapiga hodi. Kimya. Watu wakaanza kusongamana nyuma yao.

"Mama, si upande tupite," akasema mwanamume mwenye godoro kichwani.

"Wewe ni wa hapa?"

"Hapana, napita tu."

"Basi na wewe ngoja ukaribishwe."

Yule mtu akateremsha godoro, akangoja.

Boaz aliona safari zake zote zikifa pale ngazini. Dorine akirudi nyumbani bila kukaribishwa, daraja lingine hataenda tena maisha yake yote. Akamtazama mwanamke aliyeuza soksi pale kando, Wangechi, kwa macho ya kuomba.

Wangechi akaelewa. "Karibuni, mama. Lilikuwa linawangoja tangu asubuhi."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mimi ndio huketi nalo."

Hiyo ikatosha. Wakapanda, na foleni yote nyuma yao. Huko juu magari yalipita chini ya miguu yao, daraja likatikisika kidogo, na Dorine akamshika mumewe mkono. "Linacheka," akasema.

Waliposhuka, Wangechi akampokea kuku kwa niaba ya daraja, pamoja na sukari na mkate, akatia jozi ya soksi ndani ya kikapu, maana kikapu cha mgeni hakirudi kitupu.

Usiku huo kitandani, Dorine alikuwa anapanga safari kuliko hata Boaz. La Chania ni mzee, alisema, huwezi kumpa mzee kuku. Litapelekewa mbuzi, na litumiwe habari mapema lisije likaona aibu. Boaz akasema sawa. Dorine akalala akiwa katikati ya kuchagua rangi ya mbuzi. Boaz akabaki akiwaza ni nani atakayelipelekea daraja habari, na usingizi ukamchukua kabla hajampata.